Patasi na kalamu katika mkono mmoja: kisa cha Muhamadi Kijuma wa Lamu

Mtaje Muhamadi Kijuma mbele ya mwanafunzi wa fasihi, atakwambia huyo ndiye mtunzi wa Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913. Mtaje mbele ya fundi wa nakshi, atamkumbuka mchonga milango. Mtaje mbele ya mtu anayeshughulika na miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa London na Ujerumani, atakusifia mnakili mwenye hati iliyonyooka na mapambo ya wino wa rangi. Wapenzi wa muziki wa kale nao watasema alipiga kibangala, ala ya nyuzi, na kutunga nyimbo za ngoma. Wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameshika kipande chake wala hajui cha mwenzake, na mtu mwenyewe amepotea katikati.

Katika uchambuzi huu nina swali moja. Je, Kijuma alikuwa mtu wa kazi nne, au alikuwa na kazi moja iliyotokea kwa njia nne? Msimamo wangu ninautoa mapema ili msomaji aupime njiani: ushairi wake na nakshi zake zilikuwa kazi moja, na leo tunamsoma nusu kwa sababu kitabu cha chapa kilichukua maneno yake kikauacha mkono ulioyaandika.

Mji wake

Muhamadi bin Abubakari, ambaye jina lake la Kijuma wengine huliandika Kijumwa, alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1855 akafariki 1945. Umri wa miaka kama tisini katika kipindi kile ulikuwa sawa na kuishi katika miji mitatu bila kuhama nyumba. Utotoni mwake Lamu ilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar. Majahazi yalipakia boriti za mikoko kwenda Arabuni, na waungwana wenye mashamba ya bara walijenga nyumba za mawe na kuozesha mabinti zao kwa ngoma za gungu. Alipokuwa mtu mzima, mwaka 1885, Wajerumani walijitwalia Witu, ng'ambo tu ya mji wake. Mwaka 1890 wakawaachia Waingereza. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria 1901, na biashara ikaifuata. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na matajiri waliokuwa wakila jasho la watumwa wakaanza kuporomoka.

Mambo haya yanaigusa sanaa moja kwa moja. Mlango wa nakshi hauchongwi mpaka awepo mtu anayejenga. Shairi la gungu halitungwi mpaka awepo mtu anayeoza. Utajiri uliolipia uzuri wa Lamu ulitoka kwa watu waliolima bila ujira, na mchambuzi hana haki ya kuupamba uzuri huo akalificha hilo. Utajiri ule ulipokatika kwa sababu ya haki, msanii naye alilazimika kutafuta mteja mwingine. Maisha ya Kijuma kuanzia umri wa makamo hayaeleweki mtu asipolikumbuka jambo hilo.

Kijuma hakuibuka kutoka jangwani. Visiwa vya Lamu vilikuwa na desturi ndefu ya kazi za mkono. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa waandishi walionakili misahafu na kuipamba kwa wino wa rangi, na kwa mafundi wa mbao, ngozi na fedha. Nyumba za mawe za Lamu zina vidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani, vikazungushiwa nakshi za chokaa. Ukiyatazama mapambo ya msahafu wa Siyu, ya ukuta wa vidaka na ya mwimo wa mlango, utaona ndugu wa tumbo moja: waridi lile lile, mnyororo ule ule, jani lile lile linalojikunja na kurudi. Mtu aliyekulia humo hakuambiwa kwamba kuandika ni jambo la akili na kuchonga ni jambo la mikono. Yote mawili yalikuwa ufundi, na ufundi ulikuwa heshima.

Mbele ya mlango

Tuutazame mlango wa Lamu kwa karibu, maana bila mlango hoja yangu haisimami. Una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani. Katikati, pale mbao zinapokutana, pana mfaa, ule ubao mwembamba uliosimama wima na kupigiliwa kwenye ubao mmoja. Pembeni kuna miimo miwili, na juu kuna kizingiti. Mti unaopendwa ni wa kudumu, kama mbambakofi au msaji, mti unaoweza kukaa karne moja mbele ya upepo wa chumvi.

Fundi haanzi kwa kuchonga. Anaanza kwa kugawa. Anaupima mwimo, anaupasua kwa macho katika sehemu zilizo sawa, kisha anaweka umbo moja katika kila sehemu. Umbo hilo linarudi na kurudi hadi chini, na kila linaporudi lina tofauti kidogo ya mkono, kwa sababu mkono haupigi chapa. Ukingoni mwa mwimo anapitisha mnyororo mmoja usiokatika, unaoyafunga maumbo yote na kuyafanya kitu kimoja. Juu, kwenye kizingiti, anapumzika na desturi ya kurudia: hapo ndipo penye waridi kubwa, au maandishi, mara nyingi aya ya Kurani au dua. Mwenye nyumba akipita chini yake anapita chini ya neno lililochongwa.

Sasa uweke utenzi pembeni ya mwimo huo. Ubeti una vipande vinne. Kila kipande kina mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina chao ambacho hubadilika ubeti kwa ubeti, na cha nne kina kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata tenzi ikiwa na beti mia kadhaa. Sehemu zilizo sawa, umbo linalorudi kwa tofauti ndogo, na ukingo mmoja usiokatika unaofunga yote. Sidai kwamba mmoja alizaliwa na mwenziwe. Ninadai kwamba mtu aliyefanya yote mawili kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, hakuwa akibadilisha fikra alipoiweka chini patasi na kushika kalamu. Alibadilisha kifaa.

Ukurasa

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye karatasi. Leo tumezoea kuuona utenzi umepangwa mistari minne mifupi kwa kila ubeti, nafasi kidogo, kisha mistari mingine minne. Mpangilio huo ulienezwa na wachapishaji wa Ulaya. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti mzima mara nyingi huandikwa katika mstari mmoja mrefu, au miwili, kutoka kulia kwenda kushoto, na kati ya kipande na kipande mwandishi huweka pambo dogo: nukta zilizokusanyika, kikopa, au jani dogo.

Uone kinachotokea. Mstari ukimalizika upande wa kushoto, unamalizika kwa kina cha bahari. Mstari unaofuata vilevile. Basi ukingo wa kushoto wa ukurasa unajaa herufi zile zile zilizosimama moja chini ya nyingine, mnyororo mrefu unaoshuka tangu juu hadi chini, huku yale mapambo madogo kati ya vipande yakipanga safu zake tatu katikati. Kina ambacho sikio hukisikia mara moja moja, jicho linakiona chote kwa mkupuo mmoja. Ni mwimo wa mlango, sema huu ni wa wino.

Kijuma aliupenda ukurasa wa namna hii na akauongezea. Katika miswada aliyoiandika ametumia wino wa rangi zaidi ya moja, akaizungushia vichwa vya habari mapambo, akazifunga kurasa za mwisho kwa jina lake na tarehe. Hati yake ina unene unaolingana na haitetemeki hata katika miswada ya miaka ya 1930, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Mimi humstaajabia zaidi hapo kuliko katika mapambo yenyewe. Pambo mtu anaweza kulifanya siku ya furaha. Mstari ulionyooka beti mia mbili mfululizo, bila rula, ni kazi ya mtu aliyezoea kuusukuma ubao kwa patasi na kujua kwamba kosa moja halifutiki.

Kuna jambo la kiufundi ambalo msomaji wa leo huenda halijui, nalo linaongeza uzito wa kazi ya mnakili. Hati za Kiarabu za zamani za Kiswahili hazikutofautisha vizuri sauti zetu zote. Alama moja ilisimamia i na e, nyingine u na o. Herufi ya b iliweza kubeba p na mb; ya f iliweza kubeba v. Msomaji alilijua neno kwa sababu alizijua mizani na alilijua kina. Maana yake ni kwamba mnakili asiye mshairi alikuwa hatari. Angeweza kunakili umbo la neno bila kulielewa, na ubeti ungekufa mikononi mwake. Kijuma alikuwa akinakili tenzi za wengine kwa sikio la mtunzi, akijua kipande kimepungua mizani wapi. Ndiyo maana wasomi waliozikusanya tenzi za kaskazini walimtegemea sana, na ndiyo maana pia mhakiki makini lazima ajiulize, kila anaposoma nakala ya Kijuma, ni wapi mnakili amenyamaza na wapi mshairi amesahihisha.

Kwa nini Liyongo

Fumo Liyongo ni shujaa wa kale wa pwani ya kaskazini, na wenyeji huonyesha kaburi lake karibu na Kipini, pale mto Tana unapomwagikia baharini. Habari zake zilikuwa zikisimuliwa na nyimbo zake zikiimbwa karne nyingi kabla ya Kijuma. Edward Steere alichapisha toleo la hadithi hiyo mwaka 1870, Kijuma akiwa kijana. Kwa hiyo mwaka 1913 hakukuwa na upungufu wa Liyongo. Kilichokosekana ni mtu wa kuvishika visa vile vyote na kuvisimamisha katika utenzi mmoja wenye kichwa na miguu, na Kijuma akiwa karibu na miaka sitini akaifanya kazi hiyo.

Ninaamini alimchagua Liyongo kwa sababu Liyongo ni msanii. Tumezoea kumsifu kwa nguvu na upinde, lakini ukisoma utenzi kwa makini utaona nguvu peke yake haimwokoi mara nyingi. Anaokolewa na ufundi.

Chukua kisa cha mkoma, mti wa jamii ya mitende. Sultani wa Pate anataka Liyongo auawe, basi wanapanga kula makoma kwa zamu: leo apande huyu, kesho yule, awaangushie wenziwe. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti, wamfume kwa mishale. Liyongo anafika chini ya mti, anavuta upinde, anayapiga makoma kwa mshale yakaanguka chini. Hakupanda. Hakugombana na mtu. Aliangusha tunda na njama kwa pigo moja.

Kisha kifungo. Liyongo amefungwa pingu na minyororo, na kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake. Chakula kizuri walinzi wanakila. Mfungwa anamtuma Saada kwa maneno ya shairi, walinzi wanayasikia na hawaambulii kitu, ila mama anaelewa: atie tupa ndani ya mkate. Mama anaoka mkate wa wishwa, mkate duni, na walinzi wanaudharau wakauacha upite. Tupa inamfikia mfungwa. Lakini tupa ikikata chuma inalia. Afanye nini? Ameulizwa anataka nini kabla ya kufa, naye ameomba gungu. Watu wanakusanyika, matari na matwazi yanapigwa, yeye mwenyewe anawaelekeza na kuwaimbisha, na ngoma inapopamba moto kule nje, yeye ndani anakata minyororo. Kelele ya ngoma imeimeza sauti ya tupa.

Mtu aliyeandika kisa hiki kwa mizani alikuwa mpigaji kibangala, mtunzi wa ngoma, na fundi aliyeijua sauti ya chuma kwenye mti na chuma kwenye chuma. Mji wake ulikuwa na ngoma za mashindano baina ya mitaa, ambapo maneno ya shairi yalimpiga mpinzani bila kumtaja. Kwake yeye, shairi lenye maana ya ndani, mkate unaoficha chombo, na muziki unaofunika kazi ya mikono ni mambo yaliyopatana. Wimbo umebeba ujumbe, mkate umebeba tupa, ngoma imebeba siri. Katika utenzi huu kila kitu kizuri kina kazi, na sidhani kama kuna mahali pengine Kijuma alipoisema imani yake waziwazi kuliko hapo.

Sehemu inayonishika kuliko zote, hata hivyo, ni kifo. Mwana wa Liyongo, baada ya kushawishiwa kwa ahadi za Sultani, anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anajibu, huku akijua: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mwana anarudi, anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anatoka hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anaweka mshale, anavuta. Anafia hapo hapo, katika hali hiyo hiyo. Watu wanamwona kwa mbali na hawathubutu kukisogelea kisima. Siku zinapita, mji hauna maji. Wanamwendea mama yake amsihi mwanawe, naye anakuja na kumbembeleza kwa maneno, na Liyongo hajibu. Mpaka mwili unapoanguka wenyewe ndipo wanatambua kwamba alikwisha kufa zamani.

Litafakari hili ukiujua mlango. Kwa desturi, nakshi za Lamu hazichongi sura ya mtu. Kuna waridi, majani, minyororo, maandishi, na sura ya binadamu haimo. Hiyo ndiyo mipaka aliyoirithi Kijuma katika kazi ya mbao. Lakini katika utenzi amemsimamisha mtu mbele ya mji mzima, goti moja chini, upinde umevutika, ametulia kabisa, na watu wanamtazama kwa siku kadhaa wasijue kama ana uhai. Amechonga sanamu katika mji usio na sanamu. Ameichonga kwa maneno, mahali pekee palipomruhusu. Wasomi wameandika mengi juu ya kifo hiki, juu ya usaliti wa mwana na ubaya wa tamaa ya madaraka, nami sipingi. Ninaongeza tu kwamba ni picha, na aliyeitengeneza alikuwa mtu wa picha. Kitisho cha sehemu hii chote kinatoka katika kutazama. Mshale hautoki na neno halisemwi, na mji unakaa na kiu kwa sababu ya umbo.

Wateja kutoka mbali

Turudi kwenye riziki. Waungwana walipoishiwa, wateja wapya wa Kijuma walikuwa wasomi wa Ulaya. Alice Werner alipita pwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza akikusanya tenzi na habari za Liyongo, akazichapisha miaka ya 1920. William Hichens, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa serikali katika Afrika Mashariki, aliandikiana barua na Kijuma na kupokea kutoka kwake nakala za tenzi. Hichens na Werner walitoa pamoja utenzi wa Mwana Kupona mwaka 1934. Hichens akatoa shairi la kale la Al-Inkishafi mwaka 1939. Ernst Dammann, mchungaji na mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, alifika Lamu katikati ya miaka ya 1930, akakusanya mengi, na mwaka 1940 akachapisha Hamburg kitabu kikubwa cha mashairi ya lahaja ya Lamu. Nyuma ya kazi hizi upo, kwa kiasi kikubwa, mkono wa Kijuma.

Wapo wanaomlaumu. Wanasema aliuza urithi wa watu wake kwa wakoloni, na leo mtu wa Lamu anayetaka kuona kazi ya babu yake anaambiwa aende London au Berlin. Uchungu huo ni wa haki na siwezi kuudharau, ninauhisi. Hata hivyo lawama inamlenga asiyestahili. Sehemu kubwa ya alichopeleka ni nakala alizoziandika upya kwa kalamu yake, hakuwapokonya watu vitabu vya nyumbani mwao. Na tukumbuke hali ya miswada katika hewa ya visiwani: mchwa, unyevu, chumvi, warithi wanaogawana nyumba na kutupa makaratasi. Kila utenzi ulionakiliwa mara moja zaidi ulikuwa na nafasi moja zaidi ya kuishi. Mzee aliyekuwa na ujuzi wa namna ile, katika mji usiokuwa na tajiri wa kumlipa tena, alitafuta mtu wa kumlipa kwa kufanya kile alichokifanya vizuri kuliko wote. Fundi yeyote wa Lamu wa leo anayechonga kasha kwa ajili ya mgeni wa hoteli anaijua hali hiyo.

Penye kasoro ni upande wa pili wa biashara hiyo. Msomi alihitaji maneno. Alipokea ukurasa wenye mnyororo wa kina, rangi, mapambo na jina la mwandishi, akasoma, akageuza kuwa herufi za Kirumi, akavunja mstari mmoja kuwa minne, akaweka tafsiri pembeni. Kilichobaki kikaitwa matini, na ukurasa ukaingia kabatini. Sisemi walifanya kwa nia mbaya. Bila wao nisingeusoma Utenzi wa Fumo Liyongo, na Mugyabuso Mulokozi asingekuwa na mahali pepesi pa kuanzia alipotuandalia toleo la Kiswahili la tenzi tatu za kale mwaka 1999, toleo ambalo wengi wetu tumelisomea. Lakini tangu siku ile, kwa wasomaji karibu wote, Kijuma akawa mtunzi peke yake. Mchoraji wa ukurasa akazikwa kabla ya mwenyewe kuzikwa.

Kumrudishia nusu yake

Kazi ya kumkusanya imeanza. Mwaka 1983 Mohamed Abou Egl aliandika tasnifu ya udaktari London juu ya maisha na kazi za Kijuma. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa Köln kitabu kizima juu yake, kilichojengwa juu ya karatasi za Dammann na mikusanyo mingine. Wote hawa wanamtazama Kijuma kama mtu wa fani nyingi, na ninawashukuru. Ila kazi zao ziko kwa Kiingereza, katika vitabu vya wataalamu, bei na lugha vikiwa mbali na mwanafunzi wa Lamu, Tanga au Unguja.

Kinachohitajika kwetu si kigumu. Mchapishaji anayetoa tena tenzi za kale aweke picha ya ukurasa wa mswada mkabala na matini, walau kurasa chache. Sehemu ya miswada ya Kiswahili imekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao na maktaba zinazoihifadhi, kwa hiyo safari ya London si lazima tena. Vyuo vinavyofundisha sanaa za ufundi pwani vimtaje Kijuma kama mtunzi, na idara za Kiswahili zimtaje kama mchongaji. Mhakiki anayeandika juu ya muundo wa utenzi aonyeshe ulivyokaa kwenye karatasi kabla ya kuhesabu mizani. Nimeona tahakiki nyingi za Fumo Liyongo zinazojadili shujaa, jinsia, siasa na dini, na karibu zote zinaanza kana kwamba utenzi ulizaliwa tayari umevunjwa mistari minne minne katika herufi za Kirumi.

Na mwalimu hana haja ya kumngoja mchapishaji. Anaweza kuanza na ukurasa mmoja wa utenzi ulioandikwa ubeti kwa mstari, akauchapa ukubwa wa kutosha, akaubandika ubaoni. Asianze kwa kusoma. Awaambie wanafunzi wasiojua hata herufi moja ya Kiarabu wasogee waonyeshe kina cha bahari kiko wapi. Watakionyesha kwa kidole, chote, tangu juu hadi chini, na hapo ndipo awasomee ubeti wa kwanza kwa sauti.